Sayyidna Umar na Hesabu ya Maamiri wa Vita

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alizaliwa Makka katika kabila la Bani Adi. Alisilimu kabla ya Hijra, na akashika ukhalifa baada ya kufariki Sayyidna Abubakar (R.A.), mwezi wa Jamadil Akhir mwaka 13 Hijra, yaani Agosti 634. Uadilifu wake kwa wajane, mafakiri na watu wa sokoni unajulikana na kila mtu, hata na watoto wa chuoni. Lakini iko sehemu nyingine ya maisha yake ambayo haisomwi sana, nayo ni jinsi alivyowataka hesabu wale waliokabidhiwa roho za Waislamu katika vita. Katika miaka yake kumi majeshi yaliingia Shamu, Iraki, Misri na Uajemi, na amiri anayeshinda ni mtu mzito kuulizwa. Umar aliwauliza walioshinda na walioshindwa.

Msiba wa kwanza ulimfika mapema. Alipotawala aliwaita watu wa Madina waende Iraki kupigana na Waajemi, na kwa siku tatu hapana aliyejitokeza, kwani Waajemi walikuwa wakiogopwa sana. Siku ya nne aliyetangulia kusimama alikuwa Abu Ubayd bin Masud wa kabila la Thaqif. Umar akamfanya yeye amiri. Watu wakamwambia kwamba uamiri ungefaa kupewa mmoja katika Masahaba wakubwa, naye akakataa, kwa kuwa hao walikuwapo na hawakusimama. Illa alimwusia Abu Ubayd awasikilize Masahaba alio nao na awashirikishe katika shauri, na miongoni mwao alikuwapo Salit bin Qays.

Abu Ubayd alishinda mapigano yake ya mwanzo. Kisha, katika mwaka ule ule wa 634, jeshi kubwa la Waajemi likaja likasimama ng'ambo ya mto Furati, pamoja na ndovu. Amiri wao akampa Abu Ubayd hiari: ama Waislamu wavuke, ama wao waachiwe njia wavuke. Salit na wenziwe wakamshauri asivuke, kwa sababu ng'ambo ile palikuwa padogo, hapana nafasi ya kusonga mbele wala kurudi nyuma. Abu Ubayd akaona kuwa kukaa ni kuonekana mwoga mbele ya adui. Akavuka kwa daraja. Farasi wa Waarabu hawakuwa wamezoea ndovu, wakatishika wakakimbia. Abu Ubayd akashuka akamwendea ndovu mweupe kwa upanga, ndovu akamkanyaga akafa. Watu saba wa kabila lake wakapokezana bendera, na wote wakauawa. Kisha mtu mmoja wa Thaqif akalikata daraja ili asipatikane wa kukimbia, na watu wakaanza kujitupa mtoni. Alobakia wa kuwaokoa alikuwa Muthanna bin Haritha, aliyejua nchi ile kuliko wote. Alisimama na wachache akiwazuia Waajemi mpaka daraja likafungwa tena na waliobaki wakavuka. Wanahistoria wametaja kuwa waliouawa na kuzama walikuwa elfu nne. Muthanna mwenyewe alijeruhiwa, na jeraha hilo likamwua baadaye.

Waliokimbia walifika Madina wakijificha kwa haya, wengine hawataki hata kuonekana msikitini. Na hapa panataka kuangaliwa vizuri. Umar hakuwalaumu askari hao. Aliwaambia wasihuzunike, kwani yeye ndiye kundi lao walilolirudia, kwa hiyo hawahesabiwi kuwa wamekimbia vita. Akamwombea rehema na Abu Ubayd, na akasikitika kwamba hakurudi nyuma kwake kuliko kufa pale. Amiri aliyekosea alikuwa amekwisha kufa. Aliyebaki hai alikuwa ni yule aliyemteua. Umar hakutafuta wa kumtwika mzigo huo. Alipokusanya jeshi jipya alitoka Madina yeye mwenyewe akitaka kuliongoza, mpaka Abdulrahman bin Awf na wengine wakamshauri abaki, ndipo akampeleka Saad bin Abi Waqqas. Na Saad alipewa amri ambayo Abu Ubayd hakupewa: aandike Madina kila mara, aeleze kila kituo na kila njia, hata Khalifa awe kana kwamba anaona kwa macho. Baadaye akawaamrisha maamiri wake wasikae mahali ambapo patakuwa na maji baina yake na wao.

Walakini yuko aliyeyavuka maji. Liwali wa Bahrain, Al-Alaa bin Al-Hadhrami, alikuwa mtu wa sifa tangu vita vya walioritadi, na sifa ya Saad huko Iraki ikamtia hima ya kushindana naye. Kama alivyoandika Tabari katika khabari za mwaka 17 Hijra (638), Al-Alaa alipakia jeshi katika vyombo akalivusha bahari mpaka pwani ya Uajemi, bila ya ruhusa ya Khalifa. Jeshi likaingia bara, Waajemi wakalikata baina yake na vyombo vyake. Wakauawa wakubwa wake wawili, Jarud na Sawwar, na waliobaki wakazibiwa njia ya Basra. Umar alipopata khabari hakungoja kwanza kumhukumu mtu. Alimwamrisha liwali wa Basra apeleke watu 12,000 wakawatoe, na wakatolewa. Hukumu ikafuata. Al-Alaa akauzuliwa, akaamriwa aende akawe chini ya Saad, yule yule aliyekuwa akishindana naye. Hapakuwa na adhabu iliyomwuma kuliko hiyo.

Wala Khalifa hakujitoa katika kanuni yake. Imesimuliwa kwamba mwaka wa 20 Hijra yeye mwenyewe alimpeleka Alqama bin Mujazziz kwa bahari upande wa Habasha, na watu wale wakapotea. Umar akajiwekea ahadi kuwa hatampakia mtu baharini kwa vita tena. Muawiya, liwali wa Shamu, aliomba kupigana baharini, asikubaliwe muda wote wa uhai wa Umar.

Khabari ya Khalid bin Walid ni nyingine, maana Khalid hakushindwa. Kwa nasaba, mama yake Umar alikuwa mtoto wa ami yake Khalid, na ujamaa huo haukumfaa kitu. Mwaka wa 17 Hijra ilisikilikana kuwa Khalid amempa Ash-ath bin Qays zawadi ya dirhamu 10,000. Umar akaandika aulizwe mbele ya watu fedha hizo zatoka wapi: ikiwa ni mali ya vita, basi amefanya khiana; ikiwa ni mali yake, amefanya israfu; na kwa vyovyote auzuliwe. Amiri aliyezivunja nguvu za Warumi akasimamishwa, akavuliwa kofia, akafungwa kwa kilemba chake, akaulizwa. Akajibu kuwa ni mali yake. Umar aliandika katika miji kwamba hakumwuzulu kwa hasira wala kwa khiana, ila watu wamefitinika naye, wakadhani ushindi watoka kwake. Siku moja huko Jabiya Umar alipokuwa akieleza jambo hili, jamaa mmoja wa Khalid alisimama akamwambia mbele ya watu kwamba ameutia alani upanga uliochomolewa na Mtume (S.A.W.). Umar hakumwadhibu, alisema tu kuwa huyu ni kijana, na amekasirika kwa ajili ya jamaa yake. Wako mpaka leo wanaoona kuwa Khalid alionewa, na si rahisi kuwajibu.

Amma Saad, hesabu yake ilikuwa ndefu. Katika vita vya Qadisiyya, kiasi cha mwaka 636, alikuwa na majipu hawezi kupanda farasi. Alilala kifudifudi juu ya dari ya ngome, akiandika amri na kumtupia Khalid bin Urfuta aliyekuwa chini. Ushindi ulipatikana, lakini askari walinong'ona kuwa amiri wao amekaa ngomeni na wake zake, hata akawashukia akawaonyesha majipu yake. Baadaye, alipojenga nyumba yenye mlango huko Kufa na watu wakaiita kasri ya Saad, Umar alimpeleka Muhammad bin Maslama akauchoma moto mlango ule, asije raia akazuiwa kumfikia liwali.

Kisha mwaka wa 21 Hijra Waajemi walikuwa wakikusanyika Nahawand kwa vita vikubwa kuliko vyote, na wakati huo huo wakaja watu wa Kufa kumshtaki Saad. Umar aliona ubaya wa nia yao katika wakati waliouchagua, na akawaambia hivyo. Hata hivyo hakuwarudisha. Kwa watawala wengi vita ni pazia la kufunika mashtaka mpaka adui aondoke. Muhammad bin Maslama alimchukua Saad msikiti kwa msikiti, akiuliza hadharani. Wote walimsifu, isipokuwa mtu mmoja wa Bani Abs aliyesema kuwa Saad haendi na jeshi, hagawi sawasawa wala hahukumu kwa haki. Saad akaletwa Madina, akauzuliwa, na jeshi la Nahawand likapewa Nuuman bin Muqarrin, aliyeshinda na kufa siku hiyo hiyo.

Mwezi wa Mfunguo Tatu mwaka 23 Hijra (644) Umar alichomwa jambia na Abu Luulua alipokuwa akisalisha alfajiri. Akiwa kitandani aliwataja watu sita wachague Khalifa baina yao, na Saad akiwa mmoja wao. Akaeleza mbele ya waliokuwapo kwamba hakumwuzulu Saad kwa kushindwa kazi wala kwa khiana, na kwamba atakayetawala amtake msaada. Kisha akamwamrisha mwanawe Abdalla ahesabu deni lake. Likaonekana ni 86,000 au karibu ya hapo. Akasema lilipwe katika mali ya jamaa zake. Lisipotimia waombwe Bani Adi, kisha Makureshi, wala wasivukwe hao kuombwa wengine.