Bibi Waheenee wa Mto Missouri

Hizi ni habari za mama mmoja wa kabila la Hidatsa, katika Marekani ya Kaskazini, jina lake Waheenee. Alizaliwa karibu na mwaka 1839, kando ya mto Knife. Miaka miwili kabla yake, yaani 1837, ndui iliwaua watu wake wengi sana. Waliosalia wakajenga kijiji kipya, Like-a-Fishhook, ukingoni mwa mto Missouri, wakakaa katika nyumba za mviringo zilizofunikwa udongo.

Mama yake alikufa naye angali mdogo. Lakini hakukosa mama, kwa kuwa kwa desturi yao dada za mama nao huitwa mama. Nyanya yake, Turtle, alilima kwa kijiti na jembe la mfupa, ingawa wengine walikuwa na majembe ya chuma. Mahindi yalipokaribia kukomaa, wasichana waliketi juu ya dungu, wakaamia ndege na kuwafukuza wavulana wezi, huku wakiyaimbia mahindi kama mama amwimbiavyo mtoto.

Alipokuwa mzee, alimweleza Gilbert Wilson kilimo hicho chote, na mwanawe Goodbird, mhubiri wa Kikristo, akafasiri. Kitabu kikapigwa chapa mwaka 1917. Bibi akafariki mwaka 1932. Bwawa la Garrison, lililofungwa mwaka 1953, likafunika mahali pa kijiji kile.

Mashamba yamezama, elimu yake imesalia, kwa kuwa aliulizwa angali hai. Basi, nasi tuwaulize wazee wetu mapema.