Rosalind Franklin na nyumba ya virusi

Haya ni maisha ya Rosalind Franklin. Wengi wanamjua paka juu ya picha ya ADN. Sisi wa mwaka wa sita tunapenda zaidi kazi yake ya pili.

Alizaliwa London, tarehe 25 Julai 1920, katika jamaa ya Wayahudi. Alisoma kemia kule Cambridge, akachunguza makaa ya mawe, na kutoka 1947 akakaa Paris. Huko alijifunza kupitisha mionzi ya X ndani ya kitu ili ajue namna gani kimejengwa. Mwaka 1951 aliingia King's College, London. Picha ya ADN waliyoipata mwaka 1952, yeye na mwanafunzi wake Gosling, ilionyeshwa kwa Watson bila yeye kujua. Mwaka 1953 Watson na Crick wakatangaza umbo la ADN. Kwetu sisi, hapo hakutendewa haki.

Lakini hakukaa kulia. Mwaka ule ule akahamia Birkbeck College, akashika virusi vinavyougua tumbako. Kila kimoja ni kama kijiti. Ukivipanga mstari mmoja, zaidi ya 3,000 vinaingia katika milimita moja. Ganda lake ni la protini, na kumbe si kipande kimoja: ni vipande karibu 2,130 vinavyofanana, vimezunguka kama ngazi ya mnara. Mwaka 1956 yeye na Caspar, Mwamerika, walionyesha kwamba katikati mna tundu, na kwamba ARN haikai tunduni, inajikunja katikati ya protini yenyewe.

Kwa nini vipande vinafanana? Juu virusi vina nafasi ndogo sana ya maagizo. Vinabeba plani ya tofali moja, halafu matofali yanashikana yenyewe. Kule California, mwaka 1955, protini na ARN vilivyotengwa vilichanganywa tena, virusi vikajijenga upya na kuambukiza majani!

Mwaka 1956 kansa ikampata. Alipasuliwa, akarudi labo, na mwaka 1957 akaanza hata virusi vya polio. Alikufa tarehe 16 Aprili 1958, na miaka 37 tu. Kesho yake maonyesho ya ulimwengu yalifunguliwa Brussels, yale yale ambako Wakongo waliwekwa katika kijiji kutazamwa. Mfano mkubwa wa virusi alioutayarisha ulikuwa humo.

Wenzake Klug na Finch walimaliza polio mwaka 1959. Mwaka 1962 Caspar na Klug walitoa kanuni ya maganda ya mviringo. Mwaka huo Watson, Crick na Wilkins walipata zawadi ya Nobel, wafu hawapewi. Klug alipata yake 1982.

Kwa kanuni hiyo tunaelewa hata herpesi, ile inayotoa vidonda mdomoni baada ya homa. Ganda lake lina pande 20 na mafungu 162 ya protini. Kwanza protini nyingine inasimama ndani, kama kofraji ya mwashi. Ganda likisimama, kofraji inavunjwa na kutolewa, na ADN inasukumwa ndani kwa mlango mmoja tu, ambao ni moja la mafungu yale 162.