Bessie Head: Alizaliwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akaambiwa naye atarukwa na akili

Unajua vile mtaani tukisikia mzazi wa fulani amelazwa Mathari, watoto wake nao tunaanza kuwaangalia kwa jicho la pembeni? Eti iko kwa damu. Mwandishi Bessie Head aliishi na jicho hilo tangu utotoni.

Alizaliwa Julai 6, 1937 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Fort Napier, mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Mamake, Mzungu, alikuwa amelazwa humo. Babake alikuwa Mwafrika, na hadi leo hajulikani. Mtoto akapewa jina la mamake, kisha akapelekwa kulelewa na familia ya machotara. Yeye alidhani hao ndio wazazi wake. Mamake alifariki hospitalini 1943 kabla hawajajuana.

Akiwa kwenye bweni la wamishonari Durban, kwa mujibu wa simulizi yake mwenyewe, mkuu wa pale alimfichulia kwamba mamake halisi alikuwa kichaa, na ajichunge asije akawa kama yeye. Hebu fikiria kuambiwa hivyo ukiwa tineja! Ugonjwa uligeuzwa urithi, kama shamba.

Mwaka wa 1964 alihamia Botswana na mwanawe mdogo, bila ruhusa ya kurudi kwao. Kijijini Serowe alifundisha, akapoteza kazi hiyo, akawa mkimbizi asiye na pesa wala uraia. Ukiniuliza, hayo pekee yangemchosha yeyote, damu au si damu. 1971 akazidiwa. Alibandika tangazo kwenye posta akimtuhumu Rais Seretse Khama mambo mazito yasiyokuwepo. Akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili Lobatse kwa miezi kadhaa.

Hapo wengi wetu tungesema huyo basi, ameisha. Bessie alitibiwa, akarudi Serowe ile ile, kwa majirani wale wale waliojua habari ya tangazo. Na hakuficha! Aliketi akaandika riwaya kuhusu mwanamke anayeugua akili, A Question of Power, iliyotoka 1973. Kuna kurasa ngumu humo, nakuonya, lakini pia kuna bustani ya mboga na watu wanaolima na mgonjwa bila kumkimbia. Bessie mwenyewe alikuwa amefanya kazi katika bustani kama hiyo.

Uraia wa Botswana alipewa 1979. Alifariki Aprili 1986 kwa homa ya ini, akiwa na miaka 48. Barua na miswada yake imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Khama III, hapo hapo Serowe.