PERPETUA WA KARTHAGO: MAMA ALIYEILINDA IMANI

Miongoni mwa mashahidi wa Kanisa la kwanza wanawake si wachache. Vibia Perpetua wa Karthago ana nafasi ya pekee kati yao, kwa kuwa sehemu kubwa ya habari za siku zake za mwisho aliziandika mwenyewe akiwa gerezani. Ni mojawapo ya maandishi ya kale zaidi ya mwanamke Mkristo yaliyohifadhiwa hata leo. Kanisa la Kilutheri haliwaombi watakatifu. Hata hivyo Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 21, linafundisha kwamba wakumbukwe, ili waumini watiwe nguvu katika imani na kufuata mfano wao, kila mtu katika wito wake. Kwa nia hiyo maisha ya Perpetua yanasimuliwa hapa.

Nyumbani kwao

Karthago ulikuwa mji mkuu wa jimbo la Afrika katika Dola ya Kirumi, kwenye pwani ya nchi iitwayo leo Tunisia. Injili ilikuwa imekwisha kuota mizizi huko, na damu ilikuwa imekwisha kumwagika. Mwaka 180 Wakristo 12 wa Scilli walihukumiwa kifo katika mji huo, na 5 kati yao walikuwa wanawake.

Perpetua alizaliwa katika jamaa yenye heshima, akasomeshwa vema, akaolewa kwa utaratibu uliokubalika. Mwaka 203 alikuwa na umri wa miaka 22 hivi, na alikuwa akimnyonyesha mtoto wake wa kiume. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai. Alikuwa na ndugu wawili wa kiume, mmoja wao akiwa mwanafunzi wa ubatizo kama yeye. Ndugu wa tatu, Dinocrates, alikwisha kufa kwa ugonjwa akiwa na miaka 7. Habari za mumewe hazikuandikwa.

Mwaka huo, zama za Kaisari Septimius Severus, kundi la wanafunzi wa ubatizo lilikamatwa. Pamoja na Perpetua walikuwapo Saturninus, Secundulus, na watumwa wawili, Revocatus na Felicitas. Mwalimu wao, Saturus, hakuwapo walipokamatwa. Aliposikia, alijitoa mwenyewe ili awe pamoja na wanafunzi wake.

Machozi ya baba

Adui mgumu kuliko wote hakuwa askari wala hakimu, bali upendo wa baba. Mzee huyo hakuwa Mkristo, na alimpenda binti yake kuliko watoto wake wengine. Alipomsihi aikane imani, Perpetua alimwonyesha chombo kilichokuwa karibu, akamwuliza kama chaweza kuitwa kwa jina lisilo lake. Baba alipojibu kwamba haiwezekani, binti alimweleza kuwa naye hawezi kujiita kitu kingine ila Mkristo. Baba akaondoka kwa hasira. Siku chache baadaye Perpetua akabatizwa, akiwa bado chini ya ulinzi.

Kisha wakatiwa gerezani. Palikuwa na giza nene, joto na msongamano, na askari walidai fedha. Lakini kilichomtesa zaidi ni kumwaza mwanawe, aliyekuwa amedhoofika kwa njaa. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, waliwalipa walinzi ili wafungwa wahamishiwe kwa saa chache mahali penye hewa. Hapo Perpetua alimnyonyesha mtoto, akazungumza na mama yake, akamtia moyo ndugu yake. Baadaye aliruhusiwa kukaa na mtoto gerezani. Tangu hapo lile gereza likawa kwake kama jumba la kifalme.

Baba alirudi tena. Safari hii hakuja kwa hasira. Alimbusu mikono, akajitupa miguuni pake akilia, akamwita bibi badala ya binti, akamsihi azionee huruma mvi zake na mtoto ambaye hangeweza kuishi bila mama. Perpetua alihuzunika sana kwa ajili yake, akamfariji kwamba yote yamo mikononi mwa Mungu. Hakumtukana wala hakumdharau. Lakini hakurudi nyuma.

Siku ya hukumu liwali Hilarianus alimtaka atoe dhabihu kwa ajili ya afya ya makaisari. Baba alikuwapo, amembeba mtoto. Perpetua alikataa, akakiri kuwa ni Mkristo. Baba alipozidi kumvuta, liwali aliamuru apigwe fimbo, na pigo hilo Perpetua alilisikia kana kwamba amepigwa yeye. Wote wakahukumiwa kutupwa kwa wanyama wakali. Baba hakukubali tena kumrudisha mtoto gerezani. Lakini mtoto hakulitaka ziwa tena, na mama hakupata maumivu. Perpetua aliipokea hali hiyo kama rehema ya Mungu.

Felicitas na binti yake

Felicitas alikuwa mtumwa, na mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Sheria haikuruhusu mwanamke mjamzito auawe, naye alihuzunika akiogopa kuachwa nyuma, afe baadaye kati ya wahalifu. Wenzake wakaomba pamoja naye, na uchungu ukamjia. Alipougulia, mlinzi alimdhihaki, akimwuliza atafanyaje mbele ya wanyama. Felicitas alimjibu kwamba sasa anateseka peke yake, lakini siku ile atakuwapo Mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake. Akajifungua mtoto wa kike, na dada mmoja wa kanisa akamchukua mtoto huyo na kumlea kama wake.

Siku ya ushindi

Secundulus alifia gerezani. Waliosalia waliingizwa uwanjani tarehe 7 Machi 203, katika michezo ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwa Geta, mwana wa Kaisari. Walitakiwa kuvaa mavazi ya makuhani wa miungu. Perpetua alikataa kwa nguvu hata mkuu wa askari akakubali. Yeye na Felicitas walitupiwa ng'ombe jike mkali. Perpetua alipoangushwa, aliivuta nguo iliyoraruka akajisitiri, akazifunga nywele zake zisizagae kama za mtu aliye msibani. Kisha akamwona Felicitas amelala chini, akamwendea, akampa mkono, akamwinua. Wakasimama wawili pamoja, mwanamke wa nyumba ya heshima na mtumwa. Alimwita ndugu yake, akawaagiza waliosalia wasimame katika imani, wapendane, wala wasikwazwe na mateso yao. Mwisho gladieta kijana alipotetemeka upanga mkononi, Perpetua mwenyewe aliuongoza hadi shingoni pake.

Miaka 200 hivi baadaye, Augustino, Askofu wa Hippo, alikuwa bado akihubiri juu ya wanawake hao katika sikukuu yao.

Mafunzo kwa mama Mkristo

Kwanza, Perpetua alikuwa bado mwanafunzi alipokamatwa. Alikiri kwa uthabiti kwa sababu alijua alichokiamini. Mama asiyelijua Neno hawezi kulisimamia wakati jamaa, wagonjwa na misiba vinapomvuta aende kwingine.

Pili, aliwaheshimu wazazi bila kuwafanya kuwa Mungu. Amri ya kuwaheshimu baba na mama inatanguliwa na ile ya kutokuwa na miungu mingine. Perpetua alizishika zote mbili, na ilimgharimu machozi.

Tatu, hapana aliyejuliza uwanjani ni nani bibi na ni nani mtumwa. Mama anayeshiriki Meza ya Bwana na kumnyanyasa msichana anayemsaidia kazi nyumbani hana budi kuutazama mkono ule wa Perpetua. Felicitas wa leo yumo jikoni mwake.

Nne, uthabiti wa wanawake hao ulibebwa na kanisa zima. Mashemasi walitoa fedha, mwalimu aliwafuata wanafunzi wake, na dada mmoja alimpokea mtoto wa marehemu. Usharika unaowasifu mama zake kwa uvumilivu, lakini ukaacha wajane na yatima wajitegemee, bado haujajifunza kwa Karthago.

Jina la dada huyo halikuandikwa. Majina ya mashemasi yapo, na ya liwali yapo. Jina lake halipo. Bila yeye, binti wa Felicitas angekosa wa kumlea. Kitabu cha miaka 100 hakina budi kuwa na majina mengi, na ni haki yawemo. Lakini kila usharika umesimama pia juu ya mama waliochota maji, waliolea watoto wasio wao, waliokesha na wagonjwa, ambao hakuna aliyewaandika. Bwana anayahifadhi majina yao katika Kitabu cha Uzima, na hakuna hata moja litakalosahauliwa.