Torricelli na Bomba la Kisima

Ukipiga bomba la kisima, maji hupanda, nawe hudhani kuwa bomba ndilo linaloyavuta. Mtu aliyetuonyesha kuwa sivyo ni Evangelista Torricelli.

Alizaliwa Italia mwaka 1608, mwana wa watu maskini. Jamaa yake mmoja, mtawa, alimfunza, kisha akaenda Roma kusoma hesabu. Mwaka 1641 alikwenda karibu na Florence kumsaidia mzee Galileo, aliyekwisha kuwa kipofu. Baada ya miezi mitatu Galileo akafa, na Torricelli akawekwa mahali pake kuwa mwanahesabu wa Mtawala wa Toscana.

Palikuwa na fumbo. Mabomba ya kuvuta hayakuweza kupandisha maji kupita kiasi cha meta 10, hata yawe mazuri namna gani. Galileo alidhani kuwa maji hukatika kwa uzito wake, kama kamba. Torricelli akawaza kutumia zebaki, ambayo ni nzito kuliko maji mara 13 na zaidi. Mwenzake Viviani akajaza zebaki katika mrija wa kioo uliozibwa upande mmoja, akaupindua ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ikashuka, ikasimama kiasi cha sentimita 76. Basi Torricelli akafahamu: hewa ina uzito, nayo huikandamiza zebaki ya bakulini na kuisukuma juu ya mrija. Aliandika habari hiyo mwaka 1644.

Alikufa mwaka 1647, umri wake miaka 39 tu. Mwaka uliofuata, huko Ufaransa, shemeji yake Pascal alipanda mlima na mrija kama ule; kadiri alivyopanda, zebaki ilishuka. Hoja ikathibitika, mwenyewe hayupo.

Basi, bomba huondoa hewa katika mfereji tu. Hewa ya nje ndiyo isukumayo maji. Kwa kazi ya kila siku, bomba lililowekwa juu ya kisima hufaa mpaka kina cha meta 7 hivi, na katika nchi za milima kama Kigezi hupungua zaidi. Kisima kikiwa kirefu kuliko hapo, yafaa bomba lenye mtambo wake chini majini, la mkono au la umeme, ambalo husukuma maji badala ya kuyavuta. Kwa hiyo, ndugu, pima kisima chako kwanza, ndipo utoe fedha zako.