Siti binti Saad: Kutoka Vyungu vya Fumba hadi Santuri za Bombay

Kila inapozungumziwa nafasi ya mwanamke katika sanaa ya Waswahili, wenyeji wa visiwa vya Lamu humtanguliza Mwana Kupona binti Mshamu, na wana haki. Mzaliwa huyo wa Pate, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utendi mwaka 1858. Alikuwa muungwana aliyejua kusoma na kuandika, na kazi yake ilidumu kwa kunakiliwa kwa hati za Kiarabu. Makala haya yanamwangazia mwanamke mwingine wa pwani hiyo hiyo, aliyezaliwa yapata miaka 20 baada ya kifo cha Mwana Kupona, asiye na nasaba ya kujivunia wala kalamu. Huyo ni Siti binti Saad wa Unguja.

Alizaliwa Fumba takriban mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, wote wawili watu wa tabaka la watumwa. Mtoto akaitwa Mtumwa. Ni jina ambalo halihitaji ufafanuzi, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897. Hakupata chuo wala skuli. Alijifunza kufinyanga, kisha akawa akivitembeza vyungu kwa miguu na kuvinadi kwa sauti. Wateja waliitambua sauti hiyo kabla hawajamwona mwenyewe, na yamkini hakuna mafunzo ya uimbaji yaliyomfaa kuliko hayo.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Taarab wakati huo ilikuwa sanaa ya wakubwa. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohammed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, na nyimbo za kasri zikawa za Kiarabu. Chama cha Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume. Mwanachama wake mmoja, Ali Muhammed, aliisikia sauti ya Mtumwa, akamfunza muziki na nyimbo za Kiarabu. Ndipo jina nalo likabadilika: Mtumwa akawa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Hapa inafaa kusahihisha dai linalojirudia katika insha za wanafunzi, kwamba Siti ndiye mwanzilishi wa kuimba mashairi kwa Kiswahili. Lamu na Pate zilikuwa na nyimbo za gungu na uimbaji wa mashairi kwa kinanda cha nyuzi kabla Siti hajazaliwa. Alichokifanya Siti ni kuichukua taarab iliyokuwa ikiimbwa kwa lugha ya watawala na kuitia maneno ya watu wa Ng'ambo, kisha kuirudisha kwa watawala hao hao, wakaisikiliza na kuilipia.

Mafanikio hayo yalimletea maadui. Walitunga wimbo wa kumkebehi kwa sura yake, asili yake na umaskini wa utotoni. Siti hakwenda mahakamani wala hakunyamaza. Alijibu kwa wimbo, akishikilia kuwa uzuri wa uso na ukoo si kitu mbele ya akili. Kwa maoni yangu, jibu hilo ni miongoni mwa majibizano bora katika ushairi wetu, nalo linastahili kusomwa sambamba na ya wakati wa Muyaka, ijapokuwa lilitungwa na mtu asiyejua kuandika.

Nyimbo zake hazikuwa za mapenzi pekee. Wimbo wa Kijiti unasimulia kisa cha mwanamme aliyemuua mwanamke mgeni na kutorokea bara. Mkosaji alikwepa mkono wa sheria, ilhali adhabu iliwaangukia wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Katika enzi ya ukoloni ambapo maskini hakuwa na gazeti la kumsemea, wimbo kama huo ndio uliokuwa tahariri.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Katika kundi lake walikuwemo Subeti Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban. Hakuna mwimbaji wa Kiswahili wa Afrika Mashariki aliyekuwa amefikia hatua hiyo. Kufikia mwaka 1931 inakadiriwa kuwa santuri 72,000 zilikuwa zimeuzwa. Zilipigwa mikahawani, na mtu asiyejua herufi aliweza kuzisikiliza sawasawa na sheikh wake. Kwa njia hiyo Kiunguja cha mitaani kilienea katika pwani ambayo washairi wake walikuwa wamezoea kuihesabu Kiamu kuwa ndiyo lugha ya ushairi. Athari ya jambo hilo kwa lahaja zetu haijatafitiwa inavyostahiki, na mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angeanzia hapo.

Waimbaji waliomfuata walijifunza kwake, akiwemo Bi Kidude. Miaka mingi baadaye, mwaka 1988, chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania kiliita jarida lake Sauti ya Siti.

Muda mfupi kabla ya kufariki alikutana na Shaaban Robert, akamsimulia maisha yake. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Wasifu wa Siti binti Saad ulichapishwa baada ya yeye kuzikwa.