Muyaka bin Haji: Malenga aliyewapatanisha na kuwasuta watu wa Mvita

JINA la Muyaka bin Haji al-Ghassaniy linapotajwa, wengi hukumbuka mashairi ya vita. Malenga huyo alizaliwa Mombasa karibu na mwaka 1776, enzi za utawala wa Wamazrui. Aliwatetea watawala hao kwa tungo kali dhidi ya Lamu na dhidi ya Sayyid Said wa Oman.

Hata hivyo, tungo zake nyingi zilihusu mambo ya kila siku: mapenzi, njaa, ufukara, wivu na urafiki wa kinafiki. Ndiyo sababu wasomi humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni.

Mvita ilikuwa na Mataifa Kumi na Mawili, Tisa upande mmoja na Matatu upande wa pili, mbali na wageni waliokuja na pepo za msimu. Katika mji kama huo, neno lisilopimwa lingeweza kuzua uhasama. Shairi lilikuwa kipimo. Aliyekerwa alilisema jambo lake kwa fumbo, bila kumtaja mtu. Aliyelengwa alijitambua, na heshima ilimtaka ajibu kwa shairi vilevile. Wasikilizaji ndio waliokuwa waamuzi, na uungwana wa mtu ulionekana katika jibu lake.

Hata maadui walifuata ada hiyo. Muyaka alijibizana kwa mashairi na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, ilhali miji yao ilikuwa ikipigana.

Mwaka 1837 Sayyid Said aliitwaa Mombasa, na wakuu wa Wamazrui wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Muyaka aliyaona hayo, kisha akafariki dunia karibu na mwaka 1840.

Utawala aliouimba ulikwisha, lakini tungo zilibaki vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya na kumfafanulia mmishenari William Taylor. Mwaka 1940 William Hichens alizichapisha kama Diwani ya Muyaka, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa uchambuzi wake.

Lakini si yote yaliyookolewa. Baadhi ya mafumbo yamebaki bila mfumbuzi, kwa kuwa waliolengwa, na majirani waliowajua, walizikwa na siri zao.